Namna ya Kutunga Jina la Kundi la Siri katika Hadithi ya Fantasia

Usiku wa giza, mtu akisimama juu ya miamba ya Capri Point, Mwanza, na kutazama ziwani, huziona taa za wavuvi wa dagaa zimetandazwa juu ya maji hadi jicho linapokoma, kana kwamba kuna Mwanza ya pili iliyojengwa majini bila barabara. Mwezi ukikua, Mwanza hiyo hutoweka. Dagaa hufuata taa pale tu ambapo hakuna mwanga mwingine wa kuishindania, na kwa hiyo siku za mbalamwezi mitumbwi hupandishwa mwaloni, yaani ufukweni inapotia nanga, nyavu hushonwa, na vijana waliozoea kulala mchana hujikuta usiku wako macho na hawana kazi. Mimi si mvuvi, ni mtu wa kuandika hadithi, na kila mbalamwezi hunijia swali lilelile: usiku huo vijana hao huenda wapi?

Swali hilo ndilo lililonizalia kundi la siri nitakalolitumia kama mfano katika mwongozo huu. Mwongozo wenyewe unahusu jambo moja tu, nalo ni jina. Niliwahi kuliita kundi langu la kwanza kwa jina lenye herufi x mbili na ritifaa katikati, kwa kuwa niliona majina ya namna hiyo kwenye vitabu vya nje na nikadhani ugumu wa kutamka ndio utishao. Kwetu ritifaa ina kazi yake ya kutenganisha sauti ya ng'ombe na sauti ya ngoma, na msomaji akiiona imekaa mahali isipo na kazi hajui ulimi auweke wapi. Huruka neno, na jina lililorukwa halimtishi mtu. Tangu hapo nimeshikilia kwamba nguvu ya jina la siri imo katika vinywa: nani analitamka, nani analikwepa, na nani analisikia kila siku asijue amesikia nini.

Hatua ya kwanza: Amua kundi lina deni gani

Usianze na jina. Anza na kitendo ambacho watu hawa hukifanya na wengine hawakifanyi, kwa chombo gani, saa ngapi, na kwa ajili ya deni gani. Kundi la siri lisilo na deni ni genge la marafiki tu, na genge la marafiki linaweza kuitwa lolote.

Katika hadithi yangu wapo watu wanaoamini kwamba ziwa halitoi dagaa bure. Hukopesha, na mkopo wake hulipwa kwa taa. Kila giza, yaani kipindi cha usiku usio na mwezi, linapokaribia kwisha, taa moja kati ya zote zilizoko majini lazima izimwe kwa mkono wa mwanadamu, na mwenye mtumbwi huo hatakiwi kuuliza ni mkono wa nani. Mbalamwezi ikishaingia, walioizima hukutana. Hayo yakishajulikana, jina litakuwa limeanza kujitafuta lenyewe, maana tayari tuna taa, giza, deni na mkono.

Hatua ya pili: Tafuta neno la kazi lenye sura mbili

Makundi ya kweli ya ukanda huu hayakuchukua majina yao angani. Walinzi wa jadi waliojitokeza Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wezi wa mifugo walijulikana kama Sungusungu, jina la chungu weusi wanaotembea kwa wingi na kuuma, na mtu aliyewahi kukanyaga njia yao hakuhitaji kuelezwa zaidi. Wagika, mojawapo ya vyama viwili vikubwa vya ngoma vya Wasukuma vinavyoshindana hadi leo, walichukua jina la mwanzilishi wao, Ngika. Mdudu na mtu, yaani vitu ambavyo kila mmoja alikwisha kuviona. Fumbo limo katika matumizi.

Kwa hiyo chukua daftari uende mahali ambapo kundi lako lingefanyia kazi. Mimi nilikwenda mwaloni Kirumba asubuhi, saa ambayo dagaa hupakuliwa na harufu yake hukaa kwenye nguo hadi jioni, nikaandika maneno niliyoyasikia: mwalo, karabai, giza, boya, nanga, kuopoa, kuwasha, kuzima. Ukishapata orodha kama hiyo, pitia kila neno ukijiuliza kama lina sura ya pili. Boya ni kitu kinachoelea na kushikilia nyavu, lakini mtaani ni mtu mjinga, na kundi la kutisha haliwezi kubeba hilo. Kuopoa kulinivutia sana, kwa kuwa ni kutoa kitu majini na pia ni neno linalotumika mtu anapozama na mwili wake kutafutwa. Hata hivyo vijana wanalitumia kwa habari ya kupata mchumba, na nikajua kwamba msomaji wa miaka ishirini atacheka mahali ambapo nataka anyamaze.

Lililobaki lilikuwa kuzima. Hapo ndipo nilipokaa kitambo, na nashauri nawe ukae unapofika kwenye neno la namna hiyo. Kuzima ni kuua mwanga. Lakini mzima ni mtu aliye hai, asiye na ugonjwa. Mtu mzima ni aliyekomaa. Kitu kizima hakijapunguka. Sauti ileile inabeba uhai na kukoma kwa nuru. Ukisogea hatua moja pembeni unakutana na mzimu, wazimu na zimwi, maneno ambayo sikio huyasikia hata pale ambapo jicho halijayaona kwenye ukurasa. Sikuhitaji kubuni sauti yoyote. Kiswahili kilikuwa kimeshaandaa, nami nilitakiwa tu kusimama mahali panapofaa. Kundi likaitwa Wazima.

Ubora wa jina hili haumo katika maana zake mbili peke yake. Umo katika jambo kwamba kila mtu wa pwani ya ziwa hulitamka mara kadhaa kabla ya chai ya asubuhi. Mtu akikuuliza, "U mzima?" unajibu, "Mzima." Kundi la siri lililojificha ndani ya salamu halihitaji pango.

Hatua ya tatu: Lipitishe kwenye ngeli

Waandishi wengi wakipata jina hulitumia katika umbo moja tu, nalo hubaki limekauka kama nembo ya duka. Jina la Kiswahili likitiwa katika ngeli huzaa familia. Mfuasi mmoja ni Mzima, wengi ni Wazima, imani yao ni Uzima, na mahali wanapokutania ni Uzimani. Lugha za ukanda huu nazo hufanya hivyo: katika Kisukuma jamii ya waganga wanaocheza na nyoka huitwa Buyeye na watu wake Bayeye, na msikilizaji hutambua kwa silabi ya kwanza kama panasemwa juu ya chama au juu ya wanachama. Shaaban Robert alipotaka nchi iliyoning'inia angani hakukopa sauti ngeni. Alichukua kitenzi cha kusadiki, akakitia kauli ya kutendeka, na nchi ikawa Kusadikika. Kiambishi kimoja kilitosha.

Andika umbo zote za jina lako kwenye ukurasa mmoja na uzisome kwa sauti, ukizingatia kwamba mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho na kwa hiyo huhama jina linaporefuka. Katika Wazima mkazo uko kwenye zi. Katika Uzimani umehamia kwenye ma, na neno lote limekuwa zito zaidi mdomoni. Umbo lenye uzito huo nililiweka kwa ajili ya mahali, na nikaamua litajwe mara mbili tu katika hadithi yote.

Kuna mtego hapa ambao ni lazima uutazame. Uzima ni neno la kanisani. Uzima wa milele umo katika nyimbo na sala za watu wengi watakaokisoma kitabu chako. Unaweza kulitumia hilo kwa faida, kwa kuwa mhusika anayeimba kanisani huku akijua maana nyingine ana msukosuko wa kutosha kujaza sura mbili, lakini usilifanye bila kujua. Mwandishi akishtushwa na maana ya jina alilolitunga mwenyewe, msomaji ataliona.

Hatua ya nne: Gawa majina kwa vinywa

Hii ndiyo hatua ninayoiona kuwa kubwa kuliko zote, na ndiyo ambayo waandishi wengi huiruka.

Tazama ziwa lenyewe. Watu wa mwambao wenye lugha za Kibantu wameliita Nyanza, yaani maji makubwa. Wajaluo huliita Nam Lolwe. Waganda huliita Nalubaale, jina linalolihusisha na lubaale, yaani mizimu na miungu ya imani yao ya jadi. Mwaka 1858 mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke alifika upande huu wa kusini, akayatazama maji yaleyale, akayapa jina la malkia wake. Ukimsikia mtu akilitaja ziwa, kabla hajamaliza sentensi umeshajua amesimama upande gani. Maji ni yaleyale, ila vinywa vinne vimetoa habari nne juu ya wenye vinywa.

Kundi lako la siri nalo halina budi kuwa na majina kadhaa. Katika hadithi yangu wachuuzi wa mwaloni, ambao wanahisi jambo bila kulijua, husema "wale wa mbalamwezi" na kubadili mazungumzo. Ofisa anayeandika taarifa ameandika "kikundi kisichosajiliwa", maneno ambayo mimi nayaona ya kutisha kuliko yote, kwa kuwa yanaonyesha mtu aliyelikaribia jambo na kulifunga ndani ya jalada. Mama wa kijana aliyeingizwa husema "wenzake". Bibi mmoja mzee, aliyempoteza mume ziwani, hasemi kitu. Hugeuza kikombe kilicho mbele yake. Wenyewe tu ndio husema Wazima, na husema hivyo mbele ya watu wote, kwa kuwa hakuna anayesikia.

Tengeneza jedwali dogo kwenye daftari lako, upande mmoja wahusika, upande wa pili namna kila mmoja anavyolitaja kundi. Mhusika akibadilisha neno katikati ya hadithi, awe na sababu. Mama aliyekuwa akisema "wenzake" akija kusema "Wazima" katika sura ya tisa, msomaji makini ataacha kusoma na kurudi nyuma kutafuta ni lini alijua, na hapo jina litakuwa limefanya kazi ambayo kurasa tatu za maelezo zisingeifanya.

Usisahau majina ya ndani ya wafuasi mmoja mmoja. Adam Weishaupt, aliyeanzisha chama cha siri cha Illuminati huko Bavaria tarehe 1 Mei 1776, alijiita Spartacus ndani ya chama, na wenzake nao walikuwa na majina yao. Jina la chama hicho linahusu kuangaziwa nuru, nami sikuweza kuacha kuona kwamba Wazima wangu wamekwenda upande wa pili kabisa. Hapa kwetu jina jipya la mtu mara nyingi hutoka mwilini au kwenye tendo. Mchezaji na mfanya miujiza wa Usukuma anayekumbukwa kama Ng'wanamalundi hakuzaliwa na jina hilo. Watu hulieleza kwa miguu yake mirefu, na jina la ukubwani likameza la utotoni. Basi mfuasi wa kundi lako asipewe cheo chenye maneno matano. Apewe jina la kidole alichonacho au asichonacho.

Hatua ya tano: Yule asiyetajwa

Kundi likiwa na ibada, kuna anayeabudiwa, naye anahitaji jina lake. Kabla ya kulibuni, sikiliza majina mawili ambayo yalibeba watu wengi kweli. Mnamo mwaka 1904, huko Ngarambe kusini mwa nchi hii, Kinjikitile Ngwale alisema kwamba amechukuliwa na roho wa maji aitwaye Hongo, na kutokana na maji aliyoyagawa vikaja mwaka 1905 Vita vya Majimaji. Mwaka 1913, upande wa Kenya wa ziwa hili hili, Onyango Dunde wa Alego alieleza kwamba amemezwa na joka la ziwani na kutapikwa akiwa na ujumbe, na joka hilo liliitwa Mumbo. Imani yake ilienea kwa Wajaluo na Wakisii kiasi kwamba serikali ya kikoloni iliwapeleka baadhi ya viongozi wake uhamishoni.

Yatamke polepole: Hongo, Mumbo. Silabi mbili mbili, ving'ong'o katikati, na o ya mwisho inayoacha mdomo wazi. Mtoto anaweza kuyasema na umati unaweza kuyaimba. Majina hayo hayakuhitaji ugumu wowote, na ninamshauri mwandishi anayetaka jina la kutajwa aanzie hapo: silabi mbili au tatu, irabu mwishoni, na sauti moja nzito katikati ya kushikia.

Ukitaka asiyetajwa kabisa, kazi ni nyingine. Sisi tumelelewa katika desturi ya kuzunguka majina. Wazee wengi walitufundisha kwamba usiku sindano haiombwi dukani, na kwamba nyoka akionekana gizani aitwe kamba. Kitu kinachozungukwa huwa kikubwa. Katika hadithi yangu mwenye ziwa hana jina linaloandikika. Wazima wanapotaka kumtaja hukunja ngumi, huisogeza mdomoni na kupuliza ndani yake mara moja, kama mtu anayezima kibatari. Nililazimika kuamua kwamba pumzi hiyo haitaandikwa kwa herufi hata mara moja, si "fuu" wala "hu", kwa sababu nikishaiandika msomaji ataisoma, na akiisoma ataikadiria. Inabaki tendo la mkono na mdomo, na kwa kuwa watu wa mwaloni hupuliza viganja vyao asubuhi za baridi kila siku, hakuna anayeweza kusema kwa hakika nani amemtaja nani.

Hatua ya sita: Lipande mapema, uliache liote

Jina la siri likitolewa pamoja na maelezo yake limekufa siku hiyohiyo. Lioneshe angalau mara tatu kabla ya kulifafanua, na mara hizo tatu ziwe katika mambo ya kawaida kabisa. Mara ya kwanza mimi nililiweka kwenye ubavu wa mtumbwi. Mitumbwi ya hapa huandikwa maneno kwa rangi, dua, majina ya watoto, mafumbo ya kuwasema majirani, na mtumbwi mmoja ulioandikwa MZIMA hauwezi kumshtua yeyote. Mara ya pili ilikuwa katika salamu. Nainukuu hapa sehemu fupi ya rasimu yangu ili hatua hii ionekane.

Masanja alishusha ndoo ya mwisho, akamwona mzee ameketi juu ya boya kuukuu, akimtazama.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mmepata?"

"Kidogo, baba. Taa moja ilituzimikia."

Mzee alitikisa kichwa kama mtu anayepewa pole asiyoihitaji. Kijana mwingine alipita na kapi la kamba begani, naye mzee akamgeukia.

"U mzima?"

"Bado," kijana akajibu, akaendelea na safari yake.

Masanja alidhani amesikia vibaya.

Neno "bado" ndilo linalobeba kila kitu hapo. Mtu huulizwa kama ni mzima na hujibu kwamba bado. Katika mazungumzo ya kawaida ni jibu lisilo na maana, na masikio ya Masanja yanalisahihisha yenyewe. Sikuongeza upepo kuvuma ghafla, sikumfanya mzee acheke kwa sauti ya ajabu, na sikuweka mbwa wa kubweka. Ukiwa na jibu moja lisilokaa sawa, mengine yote yanaliharibu. Angalia pia kwamba Masanja anasema taa "ilituzimikia", yaani ilizimika yenyewe kwa hasara yao, wakati mzee anajua kwamba ilizimwa. Kauli za vitenzi vyetu zina uwezo wa kumficha mtenda ndani ya herufi mbili, na mwandishi wa mambo ya siri asiyezitumia anajinyima bure.

Mara ya tatu iwe kosa. Mtu asiyehusika ajibu "bado" kwa bahati mbaya, kwa mfano akiulizwa kama amepona homa, kisha uwaache wahusika wamtazame.

Hatua ya saba: Lijaribu kwa masikio ya watu

Jina likikupendeza wewe peke yako bado halijawa jina. Mimi nilimsomea mpwa wangu umbo la kwanza nililolitunga, ambalo lilikuwa Wazimataa, kwa sauti ya chini na taa ikiwa imepunguzwa. Alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha akauliza, "Mjomba, hao ndio zimamoto?" Akataka kujua kama wana gari jekundu. Nililifuta jina usiku uleule, na nikajifunza kutoliweka neno taa karibu na jina kwenye kurasa za mwanzo, maana masikio ya Mtanzania yakisikia kuzima na mwanga pamoja hukimbilia kwenye king'ora.

Jaribio la pili ni la sauti ya kupaaza. Makondakta wa daladala wa Mwanza hufundisha zaidi ya kitabu chochote cha fonolojia: Buzuruga, Nyakato, Igoma, Nyegezi, Buhongwa, Butimba. Sikiliza namna Ny- na Bu- zinavyojirudia na namna kila jina linavyoweza kupigiwa kelele dirishani bila kuvunjika. Jina la kubuni linalotaka kuonekana la ukanda huu liwe na uwezo huo. Likipaazwa na kuvunjika, si la hapa.

Jaribio la tatu ni la lugha za jirani, na hili lisirukwe. Neno lisilo na maana katika Kiswahili linaweza kuwa na maana kamili, tena ya aibu, katika Kisukuma, Kikerewe, Kijita, Kijaluo au Kihaya. Panda kivuko cha Kamanga siku ya gulio ukiwa na jina lako kwenye karatasi, uwaulize watu watano wa makabila tofauti wanalisikiaje, bila kuwaeleza ni la nini. Niliwahi kutaka malkia wa kundi langu aitwe Nyamizi, kwa jinsi lilivyonisikikia laini na la kale. Abiria wa kwanza niliyemuuliza aliniambia kwamba dada yake anaitwa hivyo, na wa pili akasema bibi yake. Ni jina la wanawake halisi walio wengi, na sikuwa na haki ya kuwavika taji la namna ile.

Hatua ya nane: Mahali pasipoguswa

Kanda ya Ziwa ina majeraha. Wazee, hasa wanawake, wameuawa kwa kudhaniwa kuwa wachawi, wengine kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu baada ya miaka mingi ya kupika kwenye moshi. Watu wenye ualbino wamewindwa kwa ajili ya imani za utajiri. Mwandishi wa fantasia anayeishi hapa hawezi kujifanya hayajui hayo. Usiwape wafuasi wako alama ya macho mekundu. Usiweke kiungo cha mwili wa mtu wa aina fulani kuwa chanzo cha nguvu. Usitumie jina la ukoo, la kabila, wala la jamii ya ngoma au ya uganga iliyopo. Ukitaka kuzifahamu jamii hizo kwa heshima, Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, kule Kisesa kwenye barabara ya Musoma, yanatosha kukupa siku nzima. Deni la kundi langu nililiweka kwenye taa kwa makusudi, kwa kuwa taa haina ndugu wa kuumizwa.

Achana pia na Firimasoni. Kila nguzo ya umeme mjini ina karatasi inayoahidi utajiri kwa jina hilo ikiwa na namba ya simu chini yake, na msomaji akiliona hukumbuka matapeli. Kundi la siri linalobandika matangazo limeshatoa ucheshi wake wote.

Hatua ya mwisho: Lirudishe jina kwa asiyejua

Baada ya msomaji kufahamu maana ya ndani, watu wengi huendelea kulitumia jina kama silaha, likitajwa na wakuu wa kundi katika kila ukurasa hadi linachakaa. Fanya kinyume. Ukishalifafanua, liondoe kabisa kwenye vinywa vya wafuasi, na litajwe mara moja tu tena, na mtu asiye na hatia, katika maana yake ya kila siku.

Katika rasimu yangu ni alfajiri ya mwanzo wa giza jipya. Masanja amerudi nyumbani Igombe akiwa na mikono inayonuka mafuta ya taa, ingawa mitumbwi yote sasa hutumia taa za betri na nyumba yao haijawasha kibatari miaka mingi. Mama yake anapepeta mchele uani, hajageuka, ila ameusikia mlango. "Mwanangu," anauliza, "u mzima?" Nimeliandika jibu lake mara nne, mbili kwa neno moja na mbili kwa jingine, na ungo bado uko mikononi mwa mama.